Seva ya Barua: Tuhame, Tubaki au Tukodi?

Hoja: Seva ya barua pepe ya chuo, ambayo bado inaendeshwa na CentOS 7, ihamishiwe kwenye mfumo endeshi mpya pamoja na akaunti zote za watumishi na wanafunzi.

MSIMAMIZI WA SEVA: Naunga mkono hoja, na sababu yangu ya kwanza ni tarehe. CentOS 7 ilitoka Julai 2014, ikafikia ukomo wake tarehe 30 Juni 2024. Tangu siku hiyo mradi wa CentOS hautoi tena viraka vya usalama kwa toleo hilo. Seva ya mafaili unaweza kuifungia ndani ya mtandao wa ofisi ukaamua nani aifikie. Seva ya barua haifungiki hivyo. Kazi yake ni kupokea barua kutoka kwa mtu yeyote duniani, kwa hiyo mlango wake namba 25 uko wazi usiku na mchana. Mashine inayolazimika kumfungulia kila abishaye hodi haifai kukaa bila viraka hata mwezi mmoja.

FUNDI MKONGWE: Mwanangu, tarehe hiyo naijua na sikubishii. Lakini umeiruka iliyofuata. Tarehe 1 Julai 2024, siku moja tu baada ya CentOS 7 kufungwa, watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza udhaifu walioupa jina regreSSHion. Ulikuwa ndani ya OpenSSH, programu tunayoitumia sisi mafundi kuingia kwenye seva tukiwa mbali. Uliwagusa nani? Uliwagusa waliokwisha kuhamia matoleo mapya: Debian 12, Red Hat 9 na nduguze. CentOS 7 ilikuwa na OpenSSH 7.4, na kosa hilo haikuwa nalo. Basi usiniambie kipya ni salama kwa sababu tu ni kipya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

MSIMAMIZI WA SEVA: Mfano wako ni wa kweli, Mzee, ila tuufikishe mwisho. Waliokuwa kwenye Debian na Red Hat walipata viraka ndani ya siku chache. Fundi akasasisha, akaanzisha huduma upya, akaendelea na kazi. Siku kosa litakapoonekana ndani ya OpenSSH 7.4, au ndani ya OpenSSL 1.0.2 ambayo seva yetu inaitegemea kusimba mawasiliano, nani atatuletea kiraka? Kila programu ina makosa, mpya na kuukuu. Tofauti ni kwamba mpya ina watu wanaoamka kuirekebisha. Tena hiyo OpenSSL 1.0.2 haiifahamu TLS 1.3, kiwango cha usimbaji kilichopitishwa mwaka 2018. Tusipohama sisi, wale tunaoandikiana nao watazidi kutuacha.

FUNDI MKONGWE: Wa kutuletea viraka wapo. Zipo kampuni zinazoendelea kuviandika vya CentOS 7 na kuviuza kwa ada. Tulipe, tupate muda wa kujipanga bila kuhemewa.

MHASIBU: Hapo sasa mmeniita mwenyewe. Nikilipa ada hiyo nitakuwa nimenunua nini? Nitakuwa nimenunua kuahirisha. Mwakani nitalipa tena, na mashine itakuwa imezeeka mwaka mwingine. Na nikikubali kuhama nitanunua diski, nitalipa saa za usiku, nitaongeza mafuta ya jenereta. Nyote wawili mnabishana ndani ya chumba kimoja. Mimi nauliza kwa nini tuwe na chumba hicho. Huduma za kukodi zipo. Google ina kifurushi cha vyuo kisicho na malipo kwa taasisi zinazokidhi masharti. Microsoft nao wana chao. Masanduku yahamie huko, seva izimwe, na ninyi mafundi mpate muda wa kuwahudumia wanafunzi.

MSIMAMIZI WA SEVA: Kisicho na malipo leo kina mwenye kukipangia masharti kesho. Kifurushi hicho hicho cha Google kilikuwa kikiwapa vyuo nafasi isiyo na kikomo. Februari 2021 kampuni ikatangaza kwamba ukomo unakuja, na kuanzia Julai 2022 chuo kizima kikapewa terabaiti 100 za kugawana, barua, picha na mafaili yote humo. Vyuo vikubwa vilivyokuwa vimejaza zaidi ya hapo vilianza kufuta au kutafuta fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Sisemi walifanya ubaya. Nasema uamuzi ulifanyika mahali ambapo chuo hakina kiti.

FUNDI MKONGWE: Maneno hayo hayo, mwanangu, yageuze yaiangalie CentOS pia. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019 watu wakiamini kwamba itatunzwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2021. Walioitikia haraka wakahama kutoka 7 kwenda 8 walitupwa nje miaka miwili na nusu kabla yetu tuliobaki. Nilikaa kimya wakati ule, na kukaa kwangu ndiko kulikoiokoa seva hii. Sasa unataka niamini ahadi ya nani?

MSIMAMIZI WA SEVA: Swali hilo ni la haki, na ndilo linaloniongoza kuchagua. Jeraha lile la mwaka 2020 ndilo lililozaa Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS yenyewe, na AlmaLinux, ambayo sasa iko chini ya wakfu wake. Matoleo yao ya 9 yamepangiwa viraka vya usalama hadi Mei 2032. Upande wa pili iko Debian, ambayo tangu 1993 inaendeshwa na watu wa kujitolea na haina kampuni inayoimiliki. Mimi nachagua Debian kwa sababu hakuna mkurugenzi wa biashara anayeweza kuamka asubuhi akaifupisha.

FUNDI MKONGWE: Lakini Debian kila toleo linatunzwa kama miaka mitano, ukiunganisha miaka ya kawaida na ile ya nyongeza. CentOS 7 imenipa kumi. Kwa hesabu yako tutahama mara mbili pale nilipohama mara moja. Na kila kuhama kuna mtego. Debian 13 imekuja na Dovecot 2.4, na mafaili ya mipangilio ya Dovecot ya zamani hayasomeki humo mpaka uyaandike upya. Dovecot ndiyo inayomfungulia kila mtu sanduku lake. Mtu akidhani anakwenda kunakili tu mipangilio kutoka seva ya zamani, asubuhi chuo kizima kitakuwa hakina barua.

MSIMAMIZI WA SEVA: Kweli, na ndiyo maana tunajaribu kwenye mashine ya pembeni kabla ya siku yenyewe. Lakini mara mbili za Debian si sawa na mara moja ya CentOS. Debian hupandishwa toleo pale pale ilipo, kwa utaratibu ulioandikwa na unaofanyiwa majaribio. Kutoka CentOS 7 kwenda toleo jingine, njia salama imekuwa siku zote kujenga upya kutoka sifuri. Heri hatua ndogo kila baada ya miaka michache kuliko kukaa muongo mzima halafu kuruka korongo kama tunavyolazimika sasa.

MHADHIRI: Mmetaja Debian, Rocky, Google na Dovecot. Hakuna aliyenitaja mimi. Sanduku langu lina barua za miaka yote niliyofundisha hapa. Humo kuna tasnifu za wanafunzi zikiwa na marekebisho yangu, barua za mapendekezo, makubaliano ya utafiti, na ushahidi wa nani aliwasilisha kazi siku gani. Kwenu ni gigabaiti. Kwangu ni kumbukumbu ya kazi, na mara nyingine ni kinga yangu. Niambieni kwa Kiswahili chepesi: mkihama, nitapoteza nini?

MSIMAMIZI WA SEVA: Ukihamishwa sawasawa, Mwalimu, hutapoteza barua hata moja. Barua zetu zimehifadhiwa kwa mtindo wa Maildir, yaani kila barua ni faili lake. Tunazinakili mara mbili. Mara ya kwanza watu wakiwa kazini, hata ikichukua siku kadhaa, kwa sababu haimsumbui mtu. Mara ya pili ni usiku wa kuhama, huduma ikiwa imesimamishwa, na hapo programu ya rsync inachukua tu yaliyobadilika tangu mara ya kwanza. Kazi ya siku inageuka kazi ya muda mfupi.

FUNDI MKONGWE: Mwambie na upande wa pili. Ndani ya kila sanduku Dovecot huweka faili dogo la orodha, lenye namba ya kila barua. Faili hilo likisahauliwa, barua zote zitakuwepo, lakini kompyuta ya Mwalimu itaziona kama ngeni. Itazishusha upya zote. Wale wanaotumia POP3 watakuta kila barua imejirudia. Fikiria mtu wa kituo cha mashambani anayenunua bando kwa siku, simu yake inaanza kushusha barua za miaka minane. Hakuna barua iliyopotea, ila mtu ameumia.

MSIMAMIZI WA SEVA: Mzee amesema sahihi kabisa. Faili hilo litasafiri pamoja na barua, na litakaguliwa kwanza kwenye masanduku ya majaribio.

FUNDI MKONGWE: Bado akaunti, na hapo ndipo nimeona watu wakiumbuka. Linux haimjui Mwalimu kwa jina. Inamjua kwa namba. Kila faili limeandikwa namba ya mwenyewe. Akaunti zetu za kwanza zilifunguliwa enzi za Red Hat za zamani, ambako namba za watu zilianzia 500. CentOS 7 ilianzia 1000, lakini zile za 500 tulizibeba zilivyo. Debian imezitenga namba kati ya 100 na 999 kwa ajili ya huduma za mfumo. Ukimwaga orodha ya zamani juu ya mpya bila kuangalia, sanduku la mtu litaangukia kwenye namba ya huduma, na huduma hiyo itakuwa na haki ya kusoma barua zake. Hilo si kosa la kifundi peke yake. Ni siri ya mtu.

MSIMAMIZI WA SEVA: Ndiyo maana sitaki kumwaga orodha. Napendekeza mtumiaji wa barua asiwe tena mtumiaji wa mfumo endeshi. Akaunti ziwekwe kwenye saraka ya LDAP au hifadhidata, na masanduku yote yamilikiwe na akaunti moja maalumu isiyoweza kuingia kwenye seva. Hapo namba za zamani zinakoma kuwa na maana. Pia mwizi akiiba nywila ya mwanafunzi, atakuwa ameiba sanduku la barua tu. Hana njia ya kuingia ndani ya seva yenyewe. Leo hii kila mwenye sanduku ana akaunti ya mfumo, na hilo ni hatari tuliyoizoea tu.

MHADHIRI: Na nywila yangu? Mtaniomba niwatajie?

MSIMAMIZI WA SEVA: Hapana, na yeyote atakayekuomba siku hizo ni mwizi. Seva haihifadhi nywila kama ulivyoiandika. Huisaga kwa hesabu maalumu ikahifadhi unga wake, na unga haurudi kuwa mahindi. Ukiingia, inasaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Unga huo tunaweza kuubeba hadi seva mpya bila mimi kujua nywila yako. Zilizosagwa kwa SHA-512, ambao ndio mtindo wa CentOS 7, Debian inazisoma bila shida. Ukibadilisha nywila ndipo itakaposagwa kwa mtindo mpya wa yescrypt, ambao Debian iliuchukua kama chaguo lake la kawaida kuanzia toleo la 11, mwaka 2021.

FUNDI MKONGWE: Na zile za MD5, za enzi zile za namba 500?

MSIMAMIZI WA SEVA: Zitasomeka, ila sitaki kuzibeba. MD5 ni dhaifu mno kwa kompyuta za leo. Wenye akaunti hizo waje ofisini na vitambulisho, wabadilishe kabla ya kuhama.

MHADHIRI: Waje ofisini? Wengine wako masomoni nje ya nchi. Wengine wamestaafu, na barua hiyo ndiyo njia pekee wanayojulikana nayo na wachapishaji wao. Na wako waliofariki, ambao familia au idara bado inahitaji nyaraka zao. Mmezipangia nini akaunti hizo?

MSIMAMIZI WA SEVA: Sijapanga, Mwalimu. Hilo si la fundi kuamua peke yake.

MHADHIRI: Basi liandikwe kwamba halijaamuliwa. Naogopa siku mtu atakapofuta akaunti zisizotumika ili diski itoshe, kumbe amefuta miaka thelathini ya mtaalamu wa mimea.

MHASIBU: Mwalimu, ndiyo maana narudi kwenye hoja yangu. Ukisikiliza orodha hii yote, namba, unga, faili la orodha, namna ya kunakili, utaona kila jambo liko kichwani mwa watu wawili. Mmoja anakaribia kustaafu. Mwingine ni kijana mwenye ujuzi, na siku yoyote benki au kampuni ya simu itampa mshahara ambao sisi hatuuwezi. Akiondoka, nani ataiendesha Debian yake? Mkodishaji ana timu nzima inayokesha. Na msiseme usalama ni wa nyumbani. Machi 2021, udhaifu wa ProxyLogon uliwaumiza waliokuwa wakiendesha wenyewe seva za Microsoft Exchange. Waliokuwa kwenye huduma ya kukodi ya kampuni hiyo hiyo hawakuguswa. Aliyekodi alilala, aliyejiendeshea alikesha akitafuta kiraka.

MSIMAMIZI WA SEVA: Kweli. Mwaka 2023 ikawa zamu ya upande wa pili. Kundi linalohusishwa na China lilipata ufunguo wa kutia saini wa Microsoft, likasoma barua za takriban taasisi 25 kwenye huduma ya kukodi, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Wateja hawakuwa wamekosea lolote. Hawakuwa na kiraka cha kuweka wala mlango wa kufunga. Kuna hatari ya kujiendeshea na kuna hatari ya kuendeshewa. Mimi nachagua ile ambayo nikiiona ninaweza kuifanyia kitu.

MHASIBU: Ukiiona. Mwezi uliopita nani alisoma kumbukumbu za seva?

MSIMAMIZI WA SEVA: Nilizisoma, lakini si kila siku. Naomba mtu wa pili, na hilo nimeliandika kwenye kila bajeti. Nami nikuulize: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine, barua ya ofisi ya masajili kwenda idara ya pili ya jengo hilo hilo ingepita wapi kama masanduku yetu yako Ulaya? Seva ikiwa hapa, barua ya ndani inabaki ndani. Wiki ya mitihani hilo si jambo dogo.

MHASIBU: Umeme ukikatika hapa je? Nyaya za baharini hukatika mara chache. Umeme wetu nani asiyeujua?

MSIMAMIZI WA SEVA: Barua pepe ilibuniwa kwa ajili ya dunia yenye hitilafu. Seva ya mpokeaji isipopatikana, ya mtumaji haitupi barua. Inaiweka foleni na kujaribu tena, na kanuni zinataka iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kumrudishia mwenyewe. Hiyo ndiyo inayotupa ujasiri wa kuhama usiku wa Jumamosi. Barua za saa hizo zitasubiri foleni.

MHASIBU: Na zinazotoka? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Asiyethibitisha barua zake kwa SPF au DKIM anakataliwa au anatupwa kwenye barua taka, na anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na vyote viwili pamoja na DMARC. Tukituma matokeo ya udahili yakaangukia kwenye taka, mzazi hatauliza habari za Debian. Atasema chuo hakikumjibu.

FUNDI MKONGWE: Hapa nasimama na Mama Mhasibu. Anwani ya IP ina sifa, na yetu imejengwa kwa miaka. Anwani mpya ni mgeni asiye na mdhamini.

MSIMAMIZI WA SEVA: Anwani haitabadilika, Mzee. Seva mpya itarithi anwani ya ile ya zamani, jina lake na funguo za DKIM. Kwa macho ya Gmail tutakuwa wale wale. DMARC hatuna mpaka leo, na tutaiweka. Hilo tulipaswa kulifanya hata bila kuhama.

MHASIBU: Na sheria mmeisahau? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sote. Taarifa za wanafunzi zikivuja kutoka kwenye seva isiyo na viraka, chuo ndicho kitakachojibu.

MSIMAMIZI WA SEVA: Sheria hiyo hiyo inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kwa hiyo inambana anayebaki na CentOS 7, na inambana anayezipeleka kwenye seva za mbali bila kujua ziko wapi. Serikali yenyewe ilipotaka ofisi za umma ziache kutumia barua za kubahatisha, haikuzipeleka kwa mkodishaji wa nje. Ina mfumo wake wa barua chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

MHASIBU: Na haikuziacha ofisi kila moja na seva yake chini ya meza. Ilizikusanya. Umenipa hoja yangu.

MSIMAMIZI WA SEVA: Tazameni Ujerumani. Oktoba 2025 jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza kumaliza kuhamisha masanduku zaidi ya 40,000 kutoka Microsoft Exchange kwenda Open-Xchange, programu huria, na barua na miadi zaidi ya milioni 100 ndani yake. Kazi ilichukua kama nusu mwaka. Kama mahakama na polisi wa jimbo wanaweza, chuo kinaweza.

MHASIBU: Hapo hapo Ujerumani, mji wa München uliamua mwaka 2003 kuingia Linux, ukamaliza mwaka 2013 ukiwa na kompyuta karibu 15,000, na mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Ufundi ulikuwepo. Waliokosekana ni viongozi wa kuendelea kuusimamia baada ya uchaguzi kubadilisha sura mezani. Chuo hiki kina makamu mkuu mpya kila baada ya miaka michache.

FUNDI MKONGWE: Na wote wawili mliowataja walikuwa na bajeti ya serikali. Nisikilizeni. Sikuja hapa kuitetea CentOS 7 hadi kiama. Nimekuja kusema kwamba mashine inayofanya kazi ina maarifa yasiyoandikwa popote. Kuna anwani ya udahili inayogawanya barua kwa watu sita. Kuna kichapishi cha zamani kinachotuma nakala kwa barua kwa kutumia TLS 1.0, na Debian mpya itakikataa. Kuna programu ya ada inayotuma stakabadhi saa nane usiku. Hayo yote hayako kwenye waraka wa mradi. Yako kwangu. Mkihama kabla ya kuyaandika, mtayagundua moja moja kwa vilio vya watu.

MSIMAMIZI WA SEVA: Basi yaandikwe, Mzee, nawe ukiwa bado kazini. Hiyo ni sababu ya kuhama sasa. Ukistaafu kabla hatujahama, tutahama gizani.

FUNDI MKONGWE: Nitaandika. Lakini seva ya zamani isizimwe wiki ile ile. Ikatwe kwenye intaneti, ibaki ya kusomwa tu, mpaka muhula mzima upite.

MHASIBU: Na mimi nitataka kuona gharama za miaka mitano za njia zote tatu zikiwa ukurasa mmoja: kubaki na viraka vya kununua, kuhama na mtu wa pili wa kuajiriwa, na kukodi pamoja na bei itakayokuwepo ofa ikiisha. Njia isiyoweza kuandikwa humo haina haki ya kupigiwa kura.

MHADHIRI: Ongezeni na ya nne. Tanzania ina TERNET na Kenya ina KENET, mitandao iliyoundwa kuunganisha vyuo na taasisi za utafiti. Kwa nini kila chuo kiwe na kijana wake mmoja anayekesha peke yake? Vyuo vitano vikichangia seva na mafundi watano, hoja ya Mama Mhasibu kuhusu mtu mmoja inapungua nguvu, na hoja ya kijana kuhusu barua zetu kubaki mikononi mwetu inabaki hai.

MSIMAMIZI WA SEVA: Ningeipenda hiyo. Ila makubaliano ya vyuo vitano yatachukua miaka, na viraka vilikoma Juni 2024.

MHASIBU: Na mchango wa vyuo vitano nimewahi kuukusanya. Vitatu hulipa.

MHADHIRI: Nimewasikia wote, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini hakuna mwenye haki ya kuamua kana kwamba barua hizi ni za kwake. Sisi wenye masanduku tunaomba mambo haya yaandikwe kwenye muhtasari kabla ya kura yoyote. Nakala rudufu ijaribiwe kwa kurudishwa kwenye mashine nyingine na barua kusomwa, maana nakala isiyowahi kurudishwa hamjui kama ni nakala. Akaunti za wastaafu na marehemu ziamuliwe na seneti, si na ukubwa wa diski. Tangazo lipitie kwa wakuu wa idara na mbao za matangazo, likisema wazi kwamba hakuna atakayeombwa nywila. Na atajwe mtu mmoja atakayewajibika, kwa cheo chake, na msaidizi wake.

Mkishayaandika hayo, pigeni kura mnavyoona. Mkichagua kuhama, hameni. Mkichagua kukodi, kodini mkiwa mmesoma mkataba na mnajua barua zitakaa nchi gani. Mkichagua kubaki, nunueni viraka wiki hii. Kubaki bila viraka hakumo kati ya njia mlizozitetea hapa, lakini ndiko tunakoishi tangu tarehe 30 Juni 2024. Wekeni tarehe leo kabla hatujatoka.